Kilo Nne za Furaha: Afya ya Mjamzito na Unene wa Mtoto Baadaye

Mtoto akizaliwa na kilo nne au zaidi katika mitaa ya Sombetini, habari zake hufika nyumbani kabla yake. Majirani huja na pongezi, mtori huchemka jikoni, na bibi humpakata mjukuu huku akiyasifu mashavu yake. Uzito huo huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba mama alikula vizuri na kwamba nyumba ina baraka. Furaha hiyo ina haki yake, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa salama ni neema. Hata hivyo, kwa mkunga na kwa daktari, kilo nne ni swali pia. Sukari ya mama ilikuwaje katika miezi tisa iliyopita? Na mtoto huyu atakuwa na umbo gani atakapofikisha miaka kumi?

Maswali hayo mawili yameshikamana kuliko ilivyodhaniwa zamani. Kwa muda mrefu unene wa mtoto ulielezwa kwa mambo ya baada ya kuzaliwa: chipsi, soda, runinga, na kukosa uwanja wa kuchezea. Mambo hayo yana nafasi yake. Lakini utafiti wa takriban miaka hamsini umeonyesha kwamba sehemu ya safari ya unene huanza tumboni mwa mama. Umeonyesha pia kwamba safari hiyo huweza kuanzia katika hali mbili zinazoonekana kupingana: mama aliyekosa chakula cha kutosha, na mama mwenye sukari na mafuta mengi mwilini. Katika mji kama Arusha, hali hizo mbili hukaa mtaa mmoja, na wakati mwingine nyumba moja.

Mashauri mawili katika nyumba moja

Sombetini ni kata ya Jiji la Arusha iliyo jirani na Ngarenaro, na wakazi wengi wanaitambua kwa soko la Mbauda. Watu wake wametoka pande nyingi. Wapo Waarusha na Wameru ambao asili yao ni miteremko ya Mlima Meru na nyanda zinazouzunguka, wapo Wachaga, Wapare na Warangi, na wapo wengine waliofuata kazi na biashara. Mchanganyiko huo huleta pamoja vyakula vingi, na huleta pamoja mashauri mengi kwa mwanamke mwenye mimba.

Ushauri wa kwanza ni ule wa mjini: mjamzito ale kwa ajili ya watu wawili. Chai iongezwe sukari, sahani ijazwe mara mbili, na asiachwe abebe ndoo wala atembee mbali. Ushauri wa pili umetoka mbali zaidi. Miongoni mwa jamii za Kimaasai za kaskazini mwa Tanzania, ambazo Waarusha wana undugu nazo wa lugha, watafiti wameeleza desturi ya mjamzito kupunguza chakula katika miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa na kukwama wakati wa kujifungua. Desturi hiyo haikuzaliwa na ujinga. Mahali ambapo hospitali iko mwendo wa siku nzima, uchungu wa muda mrefu unaweza kuua mama na mtoto, na wazee waliona hivyo kwa macho yao.

Basi mama mmoja anaweza kuambiwa na jirani yake ale maradufu, na mama mkwe aliyekuja kumsaidia akamwambia ajizuie. Wote wawili wanampenda. Tatizo ni kwamba mashauri yote mawili hayaanzi na kipimo cha mwili wake mwenyewe.

Funzo la njaa ya Uholanzi

Ushahidi wa mwanzo kwamba hali ya mama mjamzito hubaki katika mwili wa mtoto kwa miaka mingi ulitoka katika msiba wa vita. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, sehemu ya magharibi ya Uholanzi ilizuiwa chakula na majeshi ya Ujerumani yaliyoikalia. Mgawo wa chakula kwa mtu mzima ulishuka hadi kati ya kalori 400 na 800 kwa siku. Njaa hiyo ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, kwani chakula kilirudi nchi ilipokombolewa Mei 1945. Kwa sababu hiyo wanasayansi waliweza kujua ni mtoto yupi alipitia njaa akiwa katika mwezi gani wa mimba.

Mwaka 1976 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vijana wa kiume 300,000 wa Uholanzi waliopimwa wakiwa na umri wa miaka 19 walipoitwa jeshini. Wale ambao mama zao walikumbwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na unene uliokithiri kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wenzao. Wale waliokumbwa na njaa katika miezi ya mwisho ya mimba na miezi ya mwanzo ya maisha walikuwa na kiwango kidogo.

Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo ya pili akadhani kwamba kujinyima chakula mwishoni mwa mimba kunamkinga mtoto. Sivyo. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 1998, waathirika wa njaa hiyo walipokuwa na umri wa takriban miaka 50, ulionyesha kwamba waliopitia njaa tumboni, hasa mwishoni mwa mimba, walikuwa na uwezo mdogo wa kuidhibiti sukari ya damu. Mwili uliokosa chakula mapema ulikuja kudai deni lake kwa njia nyingine.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi yalitolewa mwaka 1992 na Nicholas Hales na David Barker wa Uingereza. Mtoto anayepata chakula kidogo tumboni hulazimika kuchagua. Ubongo hupewa kwanza. Misuli, figo na kongosho hupewa kinachobaki. Mwili wake hujifunza kubana matumizi na kuweka akiba, kana kwamba umepewa taarifa kwamba dunia ya nje ni ya njaa. Akizaliwa na kukulia katika njaa, mafunzo hayo yanamsaidia. Akizaliwa na kukulia katikati ya mandazi, soda na sembe, akiba inageuka kuwa kitambi.

Hapa ndipo habari ya Uholanzi inapoifikia Sombetini. Ukame wa mwaka 2009 uliua ng'ombe wengi katika wilaya za Longido na Monduli, na maziwa yakapungua katika maboma mengi. Familia za wafugaji zinazohamia mjini baada ya misiba ya namna hiyo huweza kuwa na mtoto aliyetungwa mimba wakati wa uhaba na kukulia mahali ambapo chakula cha bei nafuu kuliko vyote ni kile chenye wanga, mafuta na sukari. Mtoto huyo hatapimwa uzito tumboni mwa mama yake, lakini mwili wake huenda umeshapokea taarifa isiyolingana na maisha atakayoishi.

Sukari inayovuka kondo

Njia ya pili inaanza na wingi. Glukosi, yaani sukari ya damu, huvuka kondo la nyuma kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Insulini ya mama, ambayo ndiyo inayoishusha sukari hiyo, haivuki. Daktari Jørgen Pedersen wa Denmark alieleza katika miaka ya 1950 kinachofuata: mtoto akipokea sukari nyingi, kongosho lake changa hujibu kwa kutoa insulini nyingi yake mwenyewe. Insulini kwa mtoto aliye tumboni ni kichocheo cha ukuaji. Humnenepesha, hasa mabegani na tumboni, na kumfanya mkubwa kuliko umri wa mimba. Akizaliwa, sukari ya mama hukatika pamoja na kitovu huku insulini yake ikiwa bado juu, na sukari yake inaweza kushuka ghafla. Ndiyo maana mtoto mkubwa wa mama mwenye kisukari huhitaji kunyonya ndani ya saa ya kwanza na kupimwa sukari.

Athari haziishii chumba cha kujifungulia. Katika jamii ya Wapima wa Arizona, Marekani, ambao wana kisukari kwa wingi, watafiti waliwalinganisha ndugu wa mama mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa baada ya mama kupata kisukari alikuwa mnene zaidi, na alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari, kuliko ndugu yake aliyezaliwa kabla. Ndugu hao walikuwa na wazazi wale wale na nyumba ile ile. Kilichobadilika ni sukari ya mama.

Utafiti mkubwa zaidi wa aina hii, unaojulikana kwa kifupi HAPO, ulifuatilia wajawazito wapatao 25,000 katika nchi tisa na kutoa matokeo yake mwaka 2008. Ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa mkubwa hupanda hatua kwa hatua kadiri sukari ya mama inavyopanda, hata kabla ya kufikia kiwango kinachoitwa kisukari. Watoto wapatao 4,800 wa akina mama hao walipimwa tena wakiwa na miaka 10 hadi 14. Kati ya wale ambao mama zao walikuwa na kisukari cha mimba, asilimia 19 walikuwa na unene uliokithiri. Kati ya wengine ilikuwa asilimia 10. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na uzito wa mama mwenyewe, lakini hata uzito huo ulipoingizwa katika hesabu, tofauti katika unene uliokithiri ilibaki.

Hakuna hata kituo kimoja cha HAPO kilichokuwa Afrika. Msomaji wa Arusha ana haki ya kuuliza kama jambo hilo linamhusu.

Jibu kutoka Ngarenaro na Kaloleni

Mwaka 2019, watafiti wakiongozwa na Safiness Msollo walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika Arusha mjini kwa wajawazito 468 waliohudhuria vituo vya afya vya Ngarenaro na Kaloleni. Wanawake hao walipimwa sukari ya damu kabla ya kula, na tena saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Asilimia 16.2, yaani karibu mmoja kati ya sita, walikuwa na sukari iliyozidi: asilimia 13 walikuwa na kisukari cha mimba, na asilimia 3.2 walikuwa na kiwango cha kisukari kamili. Wenye mafuta mengi mwilini walikuwa katika hatari zaidi, na vilevile wenye ndugu mwenye kisukari na waliowahi kuzaa mtoto mkubwa.

Ngarenaro ni jirani wa Sombetini. Mmoja kati ya sita maana yake ni kwamba katika benchi la kliniki lenye wajawazito kumi na wawili, wawili huenda wana sukari ya juu bila kujua, kwa sababu kisukari cha mimba mara nyingi hakina dalili. Mkojo pekee hautoshi kuwatambua. Katika ujauzito figo hupitisha sukari kwa urahisi zaidi, hivyo mkojo unaweza kuonyesha sukari kwa mama ambaye damu yake ni salama, na unaweza kuwa safi kwa mama ambaye damu yake imezidi.

Takwimu za taifa zinaeleza ni kwa nini jambo hili linazidi kuwa zito. Tafiti za idadi ya watu na afya zilionyesha kwamba wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18 mwaka 2004-05, na asilimia 28 mwaka 2015-16. Wakati huohuo, udumavu wa watoto haujaondoka. Utafiti wa mwaka 2022 uliukuta kwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Nchi ina mizigo miwili kwa pamoja, na mabega yanayoibeba ni yale yale ya mama.

Wanawake wawili, kadi mbili

Mfano unaweza kusaidia. Wanawake wawili wamekaa kwenye benchi la kliniki, kila mmoja akiwa na kadi yake ya mjamzito. Wa kwanza ana urefu wa sentimita 158 na kilo 80. Anauza ndizi sokoni akiwa ameketi kutwa nzima. Wa pili ana sentimita 155 na kilo 43. Ni binti aliyekuja mjini karibuni. Wote wako katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba.

Uwiano wa uzito na urefu hupatikana kwa kugawanya kilo kwa urefu katika mita, kisha kugawanya tena kwa urefu huohuo. Kwa mwanamke wa kwanza jibu ni 32, yaani unene uliokithiri. Kwa wa pili ni takriban 17.9, yaani uzito pungufu. Mwongozo uliotolewa mwaka 2009 na Taasisi ya Tiba ya Marekani, unaotumika katika nchi nyingi, unashauri wa kwanza aongeze kilo 5 hadi 9 tu katika mimba nzima, na wa pili aongeze kilo 12.5 hadi 18. Mwenye uwiano wa kawaida, kati ya 18.5 na 24.9, huongeza kilo 11.5 hadi 16, na mwenye uzito uliozidi, kati ya 25 na 29.9, huongeza kilo 7 hadi 11.5.

Ikiwa wote wawili wataambiwa "kula kwa ajili ya wawili", wa kwanza ataumia. Ikiwa wote wawili wataambiwa wajizuie, wa pili ataumia. Kipimo cha siku ya kwanza ndicho kinachotenganisha mashauri, na ndicho kinachofanya kuanza kliniki mapema kuwe na maana. Mwaka 2015-16 takriban robo tu ya wajawazito nchini walianza kliniki kabla ya mwezi wa nne. Anayeanza mwezi wa sita hupimwa uzito ambao tayari umechanganyika na wa mtoto, maji na kondo, na ule wa mwanzo haujulikani tena.

Namna ya kusema ina uzito sawa na kipimo. Mhudumu anayemwambia mama "umenenepa mno" mbele ya foleni huenda asimwone tena. Mazungumzo yenye heshima yanaweza kwenda hivi, mama mkwe akiwepo:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Asante kwa kumsindikiza mkweo. Wewe ulimshauri apunguze chakula?"

"Ndiyo. Kwetu mtoto mkubwa ni hatari."

"Ni kweli, mama, mtoto mkubwa kupita kiasi anaweza kukwama. Lakini mara nyingi kinachomkuza hivyo ni sukari iliyozidi kwenye damu ya mama, na hiyo tunaweza kuipima hapa. Huyu dada ana kilo 43. Akipunguza chakula, mtoto atakosa. Tukubaliane apate maziwa, maharage na mboga kila siku, nasi tumpime sukari."

Katika mazungumzo hayo mzee hakudharauliwa. Hofu yake imekubaliwa, na amepewa njia iliyo salama zaidi ya kuitimiza nia yake.

Nini kipimwe, nini kiliwe

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mjamzito huhesabiwa kuwa na kisukari cha mimba ikiwa sukari yake kabla ya kula ni milimoli 5.1 hadi 6.9 kwa lita, au ni 10.0 na zaidi saa moja baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, au ni 8.5 hadi 11.0 baada ya saa mbili. Kuanzia 7.0 kabla ya kula, au 11.1 baada ya saa mbili, hicho ni kisukari kamili. Wakati unaofaa kwa wengi ni kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mwenye unene uliokithiri, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari, au aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo nne na zaidi, anafaa kupimwa tangu hudhurio la kwanza. Mahali ambapo kinywaji cha glukosi hakipatikani, kipimo cha kidoleni asubuhi kabla ya kula ni mwanzo mzuri kuliko kutopima kabisa.

Chakula kinachofaa hakiko mbali na Sombetini. Miteremko ya Meru hutoa ndizi, maharage, parachichi na mboga za majani, na vyote huletwa sokoni. Dona ina nyuzinyuzi na virutubishi ambavyo sembe imepoteza mashineni. Makande ya mahindi na maharage, mnafu, dagaa, yai na maziwa mgando hulisha mama na mtoto bila kuipandisha sukari kwa kasi. Mwenye uzito uliozidi hahitaji kushinda njaa. Anahitaji kupunguza soda, juisi za pakiti, mandazi na sukari ya chai, na kugawa sahani ili nusu yake iwe mboga. Mwenye uzito pungufu anahitaji mlo wa ziada kila siku, hasa wenye protini na mafuta mazuri. Kutembea nusu saa kwa siku, kwa mama asiye na katazo la daktari, husaidia misuli kuitumia sukari. Vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki humezwa na wote wawili.

Matibabu yana faida iliyopimwa. Katika utafiti wa wanawake 1,000 uliochapishwa mwaka 2005, uliofanyika zaidi Australia, matatizo makubwa kwa mtoto wakati wa kuzaliwa yalishuka kutoka asilimia 4 hadi 1 pale kisukari cha mimba kilipotibiwa kwa mpangilio wa chakula, vipimo na, ilipobidi, insulini. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2009 wa wanawake 958 wenye kisukari cha mimba kidogo ulionyesha kwamba watoto waliozidi kilo nne walipungua kutoka asilimia 14.3 hadi 5.9.

Lakini ukweli mwingine nao usemwe. Watoto 199 wa utafiti ule wa Australia walipopimwa wakiwa na miaka minne hadi mitano, uzito wao kwa kulinganisha na urefu haukutofautiana kati ya waliotibiwa mama zao na wasiotibiwa. Matibabu yaliyoanza katika nusu ya pili ya mimba yaliwalinda wakati wa kuzaliwa, ila hayakutosha kubadilisha njia yao yote. Hilo linatoa somo moja kubwa: kazi ianze mapema zaidi, kabla ya mimba, na iendelee baada ya kujifungua. Kliniki ya uzazi wa mpango, ambako mwanamke hufika akiwa hana mimba, ni mahali pa kumpima uzito na sukari na kumshauri. Vivyo hivyo msichana wa sekondari anayekula chipsi kila mchana ni mama wa kesho, na binti anayelala na njaa naye pia.

Baada ya siku ya furaha

Mtoto akishazaliwa, bado kuna mengi ya kufanywa. Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha kuendelea kunyonya pamoja na vyakula vya nyongeza, humsaidia mtoto kujua kiasi chake, na watoto walionyonyeshwa wameonekana kuwa na hatari ndogo zaidi ya unene baadaye. Uji usitiwe sukari ili mtoto "ashibe vizuri". Mtoto aliyezaliwa mdogo asilazimishwe kunenepa kwa haraka kwa vyakula vitamu. Anahitaji kurefuka pamoja na kuongezeka uzito. Kwa hiyo kadi yake isomwe kwa vipimo viwili, uzito na urefu. Mstari wa uzito unaopanda sana huku wa urefu ukibaki chini si jambo la kupongezwa.

Mama aliyekuwa na kisukari cha mimba naye apimwe sukari tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, kwa kuwa hatari yake ya kupata kisukari cha ukubwani ni kubwa kuliko ya wengine. Mara nyingi hapa ndipo kamba hukatika: mtoto huletwa kliniki kila mwezi kwa chanjo na kupimwa, huku mama aliyembeba hapimwi chochote. Mhudumu anayeuliza, "Na wewe mama, sukari yako ilipimwa lini?" amemhudumia mtoto huyu na pia mimba ijayo.

Elimu hii isigeuzwe kuwa fimbo ya kumchapia mama. Hakuchagua ukame wa utotoni mwake, wala bei ya mboga sokoni, wala kazi inayomkalisha kutwa. Baba anayenunua soda kila jioni kama ishara ya upendo, mama mkwe anayepanga chakula cha nyumba, na mhudumu anayeamua kama kipimo kitafanyika leo au hudhurio lijalo, wote wana mkono katika mwili wa mtoto huyo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Katika jambo hili ubichi huanza kabla ya kilio cha kwanza cha mtoto, na kabla hata mama hajajua kwamba ni mjamzito. Jirani wa Sombetini atakapokwenda kumpongeza mzazi kwa kilo nne, ampelekee na mtori wake. Kisha, akiwa ameketi pembeni ya kitanda, amuulize kwa upole kama alipimwa sukari, na lini watarudi kliniki.